Pete ya Shaba Machoni Mwangu

Ukutani mwa maabara ya shule yetu, nje kidogo ya Mweiga, kuna jedwali la elementi lililochorwa kwa rangi ya mafuta na mtu ambaye bila shaka hakuwa na rula. Miraba ya kushoto ni minono, ya kulia imebanana, na pale katikati, mahali pa metali za mpito, rangi imechubuka kwa sababu ndipo wanafunzi huegemeza vichwa wakisubiri maji yachemke. Nilianza kufundisha mbele ya ukuta huo nikiwa kijana mwenye koti jeupe jipya. Ningeweza kukuonyesha kila mraba nikiwa nimefumba macho.

Kidato cha kwanza hukariri elementi ishirini za mwanzo, haidrojeni mpaka kalisiamu, wakaziimba mpaka hata ng'ombe walioko nje wanasikia. Kisha basi. Namba ishirini na moja ndipo katikati ya jedwali huanza, na hapo ndipo kila mtu huwaambia watoto waruke, watue ng'ambo ya pili. Jambo hilo lilinikera miaka yote. Ati turuke chuma! Jembe la mama yako ni chuma, damu yako ina chuma. Turuke shaba, na kahawa yote ya Mukurweini inapigwa dawa ya shaba mpaka majani yanakuwa buluu! Turuke zinki, na ndiyo iliyopakwa juu ya kila bati kuanzia hapa mpaka Karatina! Nikipandisha sauti hivyo, hakukosekana mmoja wa kuniambia kutoka nyuma, "Mwalimu, hiyo haitokangi kwa mtihani." Darasa linacheka, na mimi nacheka nao, lakini nafundisha katikati hata hivyo.

Nilizipenda metali zile kwa sababu zina tabia. Sodiamu ina elektroni moja ya kutoa, ikishaitoa imemaliza maneno. Chuma kinaweza kutoa mbili, kinaweza kutoa tatu, kutegemea kimekutana na nani. Shaba inaweza moja, inaweza mbili. Ndiyo maana zina rangi. Ukiweka amonia kidogo kwenye maji yenye shaba, unapata uji wa buluu hafifu. Ukizidisha, uji wote unapotea na maji yanakuwa buluu kali ya kukufanya unyamaze. Watoto waliokuwa wakisinzia walikuwa wanainuka kwenye stuli zao waone vizuri.

Nasema haya ili ujue nilikuwa nani kabla sijawa mlevi. Si kwamba nilikunywa. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, hata ile inayozungushwa kwa pembe watu wakipeleka mahari. Nilikuwa mlevi kwa sababu watu wote walikubaliana hivyo, na wa kwanza kukubali alikuwa mama yangu. Nilipofahamu nina ugonjwa gani, nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe hakunywa. Wengine wangesema watakalo.

Ilianza na mkono wa kulia. Nilikuwa nikiandika ubaoni, chaki ikaanza kugonga ubao yenyewe, to-to-to, na darasa likadhani nafanya mzaha. Halafu ulimi ukawa mzito. Neno "manganizi" nililolitamka maisha yangu yote likawa linanitoka kama nimejaza viazi mdomoni. Macho yakawa ya manjano kidogo, miguu ikawa inatafuta ardhi. Sasa, mtu wa huku kwetu akimwona mwanamume wa miaka thelathini na kitu anatembea hivyo saa nne asubuhi, haulizi swali. Tumezika vijana wengi mno wa zile chupa ndogo za makali. Kila kijiji kina wake, kila mama ana hofu yake, na dalili zote kila mtu anazijua.

Mama alizijua kuliko wote, maana baba yetu alikufa kwa pombe. Alimwogesha, akamlisha, akamfuata mitaroni, akamzika. Mimi niliona yote hayo nikaapa sitagusa kitu hicho, na mama alikuwa shahidi wa kiapo changu. Kwa hiyo aliponiona siku moja nimekuja nyumbani Mukurweini, kikombe cha chai kinacheza mkononi mwangu mpaka chai inamwagikia suruali, hakulia.

"Umeanza lini?" akaniuliza.

"Kuanza nini, Mama?"

"Mimi nilizika mmoja wa chupa. Usinifanye mjinga."

Nilimwapia. Nikamwapia kwa Mungu, nikamwapia kwa kaburi la dada yangu. Akasema hata baba alikuwa anaapa hivyo hivyo, tena kwa maneno hayo hayo. Kabla ya siku ile mama hakuwa akiniita jina langu. Aliniita Mwalimu, sokoni, kanisani, hata akiwa ananituma kuni. Tangu siku ile neno hilo alilitoa kinywani mwake. Akawa ananiita "wewe."

Dada yangu huyo niliyeapa kwa kaburi lake alikuwa ndiye kifungua mimba. Alikufa akiwa bado msichana wa shule, mimi nikiwa mdogo. Alianza kuchoka ovyo, tumbo likavimba, macho yakawa manjano, na mama akahangaika naye kila mahali. Ninachokikumbuka zaidi ni maini. Kila siku ya soko mama alikuwa anauza ndizi, anapitia buchari, anarudi na maini yamefungwa kwenye gazeti, anamchomea dada juu ya makaa, juu juu tu ili damu isiishe. Huku kwetu mtu akikauka hivi, unamwongeza damu, na damu ni maini. Hilo hata mtoto mdogo atakuambia. Mimi na mama tulikula githeri, mahindi na maharagwe tu, tukimeza mate. Haki ya nani, nilimwonea wivu dada yangu kwa sababu ya yale maini. Alipokufa mama alisema angalau alikula vizuri mpaka mwisho, na maneno hayo ndiyo yaliyomshikilia miaka yote hiyo.

Basi na mimi nikawekwa kwenye maini. Kila nikienda nyumbani yananisubiri, sahani nzima, pamoja na mahubiri. "Kula. Hiyo kitu imekumaliza damu." Nami nakula, maana ni mama, na maana nilikuwa nimechoka kubishana. Nilikuwa na nyumba ya kupanga mjini Nyeri, pale Majengo, chumba kimoja nyuma ya vibanda. Mwenye nyumba alikuwa bibi Mwislamu mwenye sheria nyingi, na ya kwanza ni kwamba pombe haivuki mlango wa plotini kwake. Siku moja mama alitokea na wanawake wenzake wa kanisa, wamefunga vitambaa kichwani, wamekuja kupekua. Walipindua godoro, wakanusa mtungi wa maji, wakafungua hata dawa ya viatu.

Juu ya dirisha nilikuwa nimeweka chupa ya jemu yenye maji ya buluu, na ndani yake fuwele ya salfeti ya shaba ikining'inia kwa uzi. Nilikuwa naikuza kwa ajili ya kidato cha tatu. Ilikuwa imefika ukubwa wa kidole gumba, kingo zake zimenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza kwa mikono hii. Mama mmoja akaiinua juu, akasema, "Oneni! Ndio hii wanaweka ndani kuongeza makali."

"Hiyo ni kazi ya shule," nikasema, na ulimi ukanisaliti, nikasikika kama mtu aliyekesha klabuni.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nyinyi akina mama, huyu kijana hanywi. Mimi nina pua. Ningemsikia akiwa bado barabarani." Wakamjibu kwa wimbo wa kanisa, wote kwa pamoja, na wakati wa ubeti wa pili mama yangu akaichukua ile chupa akaenda kuimwaga chooni. Bibi akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Pole, mwanangu. Hawa hutawaweza." Kesho yake niliwaambia kidato cha tatu kwamba fuwele ilivunjika.

Shuleni nako mambo yakaharibika. Nilikuwa nikionyesha kupima asidi kwa bureti, ule mrija mrefu wa kioo, mkono ukaruka, bureti ikaenda chini. Mwalimu mkuu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniita ofisini akafunga mlango taratibu kama wa wodi ya wagonjwa.

"Mwalimu, wazazi wanasema. Mimi siwezi kukaa na hii maneno. Lete funguo za maabara, uende stoo ya vitabu utulie kidogo. Ukiacha, tutaongea."

"Niache nini?"

Akatazama dirishani. Nikamwekea funguo mezani, na mkono wangu ukazichezesha zikalia kama kengele, basi akawa na ushahidi mwingine.

Stoo ya vitabu iko ukuta mmoja na maabara, haina dirisha la maana, na ndiyo iliyoniokoa, kama hilo ndilo neno. Macho yaliniuma kusoma mle gizani, nikaenda mjini kwenye duka la miwani la familia moja ya Kihindi ambayo imekuwa Nyeri tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa. Binti yao alikuwa daktari wa macho. Akanikalisha, kidevu kwenye kile chuma chao, akaniwashia taa nyembamba jichoni. Akaenda jicho la pili, akarudi la kwanza.

"Hii kutetemeka ya mikono iko na wewe tangu lini?"

Nikachoka kabla sijajibu. "Sinywi pombe, daktari."

"Sijauliza pombe. Unafanya kazi gani?"

"Nafundisha kemia. Nilikuwa nafundisha."

"Basi wewe utaelewa haraka," akasema. "Uko na pete kwa macho. Yote mbili. Inazunguka ile sehemu nyeusi, rangi kama dhahabu chafu, chini inaenda kijani. Hiyo ni shaba."

Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha wa watu wa Nyeri. Akapiga picha kwa mashine yake, akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta, na kweli ilikuwapo, ukingoni mwa jicho langu mwenyewe, metali namba ishirini na tisa, mstari wa nne, katikati ya nikeli na zinki. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba shaba hujitambulisha kwa rangi yake. Ilikuwa imejitambulisha usoni pangu na hakuna aliyeisoma.

Aliniandikia niende hospitali kubwa. Wakapima damu, wakapima mkojo, na daktari wa huko akanieleza kwa upole. Kila mtu anakula shaba kidogo kila siku, na mwili unaihitaji, hasa kwa sababu ya ile tabia yake ya kutoa na kupokea elektroni. Inayozidi, ini huitupa nje pamoja na nyongo. Ini langu lilizaliwa bila kujua kutupa. Shaba ikajaa humo, ikafurika, ikaenda kwenye ubongo, ikaenda machoni. Ugonjwa huu, akasema, mtu anarithi kwa wazazi wote wawili. Baba alibeba nusu na mama akabeba nusu, na wao wenyewe hawakuugua wala hawakujua.

"Una ndugu?"

"Dada. Alikufa zamani. Alikuwa na macho ya manjano."

Kalamu yake ikasimama. "Pole sana," akasema, kisha akaendelea na orodha ya vyakula nisivyopaswa kula. Cha kwanza kilikuwa maini.

Sikusikia vizuri alichosema kuhusu dada. Nisameheni, nilikuwa na furaha! Mtu anaambiwa ana sumu kichwani, na anashuka ngazi za hospitali akitabasamu peke yake. Nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa kabisa, kwa muhuri na sahihi. Siku hiyo hiyo nilikwenda Mukurweini nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Mama alikuwa jikoni. Maini yalikuwa juu ya makaa, maana ilikuwa siku ya soko na alijua huwa nakuja. Nilimwonyesha karatasi ya hospitali, nikamwambia yote kwa Kikikuyu chepesi, bila elektroni, bila namba. Nikamwambia kuna metali imejaa ndani yangu, ile ya kupigia kahawa dawa, na ndiyo inayotetemesha mikono na kuzuia ulimi. Nikamwambia si pombe, haijawahi kuwa pombe. Alisikiliza akigeuza maini kwa kisu. Uso wake ulikuwa umeanza kulegea. Naapa nililiona neno "Mwalimu" likija.

"Kwa hivyo sili tena maini, Mama," nikamaliza. "Daktari amekataza. Katika nyama zote hayo ndiyo yenye shaba nyingi. Kwa mtu wa ugonjwa huu ni kama kumwongezea."

Kisu kikasimama.

"Maini ni mbaya kwa mgonjwa? Tangu lini?"

"Kwa mgonjwa wa hii tu."

"Na hii inaanzaje?"

"Uchovu. Tumbo linavimba. Macho yanakuwa manjano." Niliyasema mbiombio, kama mtu anayejibu maswali ya mtihani aliousomea.

Yale maini yalianza kutoa moshi, yakawa meusi upande mmoja, na mama aliyekuwa akichoma juu juu ili damu isiishe aliyaacha yaungue mpaka jikoni kukawa hakukaliki. Kisha akainuka, akafuta mikono kwenye leso, na uso wake ukawa umefungwa kabisa.

"Wewe ulikuwa unakunywa," akasema. "Daktari anaweza kuandika chochote. Ulikuwa unakunywa kama baba yako, na Mungu atakutoa huko."

"Mama, si nimekuonyesha karatasi!"

"Ulikuwa unakunywa!" Akapiga kelele. Mama yangu si mtu wa kupiga kelele. Nikatoka, nikashuka barabara ya vumbi kwa miguu, nikilia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa.

Nikaanza dawa. Ile ya kuitoa shaba mwilini ilikuwa inaagizwa Nairobi, wakati mwingine ipo, mara nyingi haipo. Ya kuizuia isiingie tena ilikuwa zinki, na hiyo ni ile ile wanayopewa watoto wanaoharisha, vidonge vya kila duka la dawa. "Mtoto yuko na miaka mingapi?" msichana wa dawa akaniuliza. Nikamwambia mtoto ni mimi. Hakucheka. Walimu wa kemia hubishana kama zinki ni metali ya mpito au si ya mpito, kwa sababu imekaa mwisho wa mstari ule lakini haina rangi, haibadiliki, haina vituko. Mimi nilikuwa naitetea iwekwe ndani na wenzake. Sasa nilikuwa naimeza kabla ya chai, mezani pangu peke yangu Majengo.

Polepole ulimi ukafunguka. Mikono ikapungua kucheza, ingawa haikuacha; daktari aliniambia wazi kwamba kilichoharibika kichwani hakirudi chote, na kushika bureti tena ni bahati. Watu wakaanza kusema, "Ameacha. Ona anavyong'aa." Wakanipa mikono barabarani. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilianza kuitikia asante. Mwalimu mkuu peke yake ndiye aliyesoma barua ya hospitali mpaka mwisho. Akaniambia atazungumza na bodi, na kwamba muhula ukifunguliwa nitarudishiwa funguo zangu, nifundishe hata kama mwingine atanishikia vyombo.

Nikakaa bila kwenda kwa mama, kwa kisirani tu. Nilipokwenda ilikuwa Jumamosi, nikapitia kwa mwenye buchari pale sokoni, mzee ambaye amemuuzia mama tangu mimi niko mgongoni. Akaniita.

"Mama yako nilimkosea nini? Maini nilikuwa namwekea kila soko, na sasa anapita kama hanijui. Nilimpelekea hata ya bure. Akayatupia mbwa, mimi nikiwa nimesimama pale."

"Tangu lini?"

Alipohesabu kwa kichwa chake, ilikuwa tangu ile siku niliyokwenda na karatasi yangu.

Nilisimama pale mbele ya nyama zilizoning'inia, na ndipo kalamu ya daktari iliposimama tena, na ndipo maini yalipoungua tena. Loo, mimi mwalimu! Mama aliniamini. Aliniamini siku ile ile, kila neno, kabla sijamaliza kusema. Na kwa sababu aliniamini, alikuwa amehesabu soko baada ya soko, gazeti baada ya gazeti, na yule msichana wake amekaa kwenye kigoda akitafuna kwa utii. Angalau alikula vizuri mpaka mwisho. Ningeweza kumweleza kwamba maini hayakumuua dada, kwamba ugonjwa ungemchukua hata angekula majani, kwamba hata baba alibeba nusu yake. Ni kweli yote hayo. Lakini nilimwazia mama na kile kisu mkononi, nikajua hakuna neno la kemia litakalopita pale. Ikiwa mimi ni mlevi, dada alikufa tu. Ikiwa mimi si mlevi, mama alimlisha.

Kesho yake nilimsindikiza kanisani. Baada ya mahubiri wakaitisha ushuhuda, na mama akasimama. Akamshukuru Mungu aliyemtoa mwanawe kwenye pombe. Kanisa likapiga makofi, na wale wanawake wa vitambaa wakapiga vigelegele, na mhubiri akasema, "Aje mwenyewe atuambie!" Nikasukumwa mbele. Wakanipa kipaza sauti, na mkono ukakichezesha, kikagonga meno yangu.

Nilimtafuta mama. Alikuwa bado amesimama. Hakuwa na uso wa mtu anayemsifu Mungu. Alikuwa ananiangalia kama mtu anavyomwangalia daktari anayetoka chumba cha upasuaji, na midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti, nadhani ilikuwa tafadhali.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Nilikuwa nakunywa. Mama alikuwa anasema kweli. Sasa nimeacha."

Sijui walishangilia muda gani. Nyumbani alinipikia ndizi na kabichi, akakaa karibu nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kikombe kile cha chai. Mkono wangu ulikuwa unagonga sahani kwa kijiko. Akauweka wake juu, mgumu, wenye mikwaruzo ya mibuni, akaukandamiza mpaka ukatulia.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Hakuongeza neno, na hajaongeza mpaka leo. Nilikula ndizi zangu. Nje, nyuma ya nyumba, kaburi la dada lilikuwa limepaliliwa upya na kuwekwa maua, na hatukulitazama hata mmoja wetu.

Mukurweini na Mweiga si mbali kwa maneno. Shule zilipofunguliwa mwalimu mkuu aliniita, na barua yangu ya hospitali ilikuwa mezani pake.

"Mimi nilikuwa nimekutetea. Nilisema hii ni ugonjwa. Sasa mzazi mmoja alikuwa huko kanisani. Ulisema mwenyewe, na maiki mkononi. Bodi wameniuliza waamini karatasi ama waamini mdomo yako."

Ningeweza kumwambia. Lakini nikimwambia, atawaambia bodi, na bodi watamwambia yule mzazi, na kabla jua halijazama litakuwa limefika kwa mama. Nikamwambia waamini mdomo.

Kwa hiyo niko stoo ya vitabu. Maabara wamempa kijana mpya, mwenye koti jeupe, mwenye mikono mizuri. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu. Juzi kidato cha kwanza walikuwa wakiimba zile ishirini, haidrojeni mpaka kalisiamu, na walipomaliza msichana mmoja akauliza, "Na hizi za hapa katikati, mwalimu?"

"Hizo rukeni," kijana akasema. "Hazitokangi kwa mtihani."

Niliinuka. Nilifika mpaka ukutani, nikainua ngumi nibishe, mdomo wazi, jibu lote liko tayari. Kisha nikasikia jinsi darasa litakavyocheka: yule mlevi aliyeokoka, ameanza tena. Nikarudi kukaa chini.